Magitaa yasiyo na waya na kumbi zilizojaa watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wapiga magitaa wa bendi zetu za dansi wanaotumia transimita, kifaa kinachorusha sauti ya gitaa kwa mawimbi ya redio, badala ya waya, ambao sauti zao hukatikakatika ukumbi unapojaa ilhali wakati wa majaribio jioni zilikuwa safi kabisa.

Wengi hukimbilia kubadilisha betri. Lakini vifaa vingi vya bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, hivyo simu za wapenzi wa muziki zinapoingia kwa mamia mawimbi huanza kugongana. Isitoshe, miili ya watu, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji, huyanyonya. Risiva, yaani kifaa kinachopokea mawimbi hayo, isifichwe nyuma ya amplifaya wala isiwekwe karibu na ruta ya ukumbi, bali iinuliwe jukwaani mahali inapotazamana na mpigaji bila kizuizi.

Wanaonunua mitumba ya UHF, yaani vifaa vya aina hii vinavyotumia masafa ya chini kuliko hayo, nao waulize masafa kwanza, kwani mingi ya zamani iko kwenye megahezi 700 na 800, ambako sasa hupita mawasiliano ya simu za mkononi.

Nawasihi pia viongozi wa bendi waweke jukwaani waya mzima wa akiba, uliokwisha kujaribiwa.

Mpiga gitaa la solo,
Dar es Salaam