Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: pepa nyepesi nilishaitunga, naomba nikwambie kilichotokea

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya kata, huu mwaka wa 11 nipo na chaki. Kila matokeo ya form four yakitoka nasikia watu wanasema mitihani ipunguzwe ugumu ili watoto wafaulu, na wengi wanaosema hivyo ni wazazi wenye uchungu kweli, siwalaumu hata kidogo, ila mimi hiyo pepa nyepesi nilishaitunga kwa mkono wangu.

Ilikuwa shule niliyofundisha kabla ya hii ya sasa. Form three wangu walikuwa 88 chumba kimoja, mtihani wa muhula wa kwanza wakafeli 61. Tukaitwa kikao, nikaambiwa pepa zangu zinaiangusha shule kwenye wastani wa wilaya, nitunge za kuwainua watoto. Nikatunga. Maswali yote ya maelezo nikayatoa, nikaacha ya kukokotoa tu, tena yanafanana na yale tuliyofanya ubaoni wiki ya mwisho. Waliofeli wakashuka mpaka 14 na nikapigiwa makofi mbele ya walimu wenzangu, na kwakweli siku ile nilifurahi.

Mwaka uliofuata wakafanya mtihani wa taifa, hesabu wakapata D watano, waliobaki wote F. Kuna binti mmoja nilikuwa nimempa B, akaja shule kufuata matokeo yake akanikuta nje ya ofisi akaniambia, "Mwalimu, si ulisema niko vizuri?" Sikuwa na jibu. Baadae mama yake akanieleza alikuwa ametenga hela ya tuisheni ya hesabu, alipoiona ile B kwenye ripoti akaona hakuna haja, hela akanunulia bati. Yani ile B yangu ndo iliyomnyima msaada, angepata F mapema mama angestuka na mimi mwenyewe ningestuka.

Na hili sio langu peke yangu, nchi nzima tulishalipitia. Matokeo ya form four ya 2012 karibu asilimia 60 walipata ziro, kelele zikawa kubwa, tume ikaundwa, 2013 yale matokeo yakafutwa yakapangwa upya na waliofaulu wakaongezeka bila mtoto hata mmoja kurudi darasani. Mwaka huo huo ikatangazwa divisheni 5 ichukue nafasi ya ziro, watu wakapiga kelele tena, ikaja GPA, yani kupanga watoto kwa wastani wa pointi, 2016 tukarudi kwenye divisheni zetu za siku zote. Leo D inaanzia 30 tu na bado kwenye hesabu miaka ya karibuni karibu watatu kwa kila wanne wanapata F. Tulishusha kamba, wasiojua kuruka wakabaki hawajui.

Sasa naomba nikwambie ugumu ulipo, maana upo, watoto hawasingizii. Kuna kijana wangu baba yake ni fundi wa kuchimba visima, likizo anashuka shimoni naye. Kwenye mtihani kulikuwa na swali, kwa Kiingereza, la tenki la mcheduara, ujazo wamepewa, nusu kipenyo wamepewa, watafute kina. Akaacha wazi. Wakati wa masahihisho akaniuliza kwa sauti ya chini lile neno la mwisho maana yake nini, nikamwambia kina, dakika tatu hazikuisha kaleta jibu na limenyooka. Darasa la saba mtoto huyu alifanya hesabu kwa Kiswahili akachaguliwa kuja sekondari, halafu Januari anaingia form one anakutana na Kiingereza karibu kila somo, hakuna aliyemvusha.

Kwahiyo Mheshimiwa kama kuna kitu cha kulegeza legezeni hapo. Swali la hesabu liandikwe kwa Kiingereza na chini yake Kiswahili, hesabu yenyewe ibaki ngumu vile vile ilivyo. Mtihani wa form two mtupe nguvu ya kuutumia, mtoto akionekana amekwama apate walau vipindi viwili kwa wiki vya kurudia mambo ya darasa la tano na la sita, maana wengi wamekwamia kwenye sehemu na desimali huko nyuma, sio kwenye logarithi. Na hivyo vipindi viwe kwenye ratiba na mwalimu alipwe, sasa hivi tunafanya jioni kwa huruma na watoto wanaokaa mbali wanakuwa washaondoka.

Ila kubwa kuliko yote, waambieni maafisa elimu waache kutupima kwa wastani wa mitihani tunayotunga wenyewe. Mwalimu anayeogopa kikao atatunga pepa kama ile yangu, na niwe mkweli, nawajua wanaotunga mpaka leo, ni walimu wazuri tu wamechoka kusemwa.

Pepa zote mbili bado ninazo, ile ngumu na ile nyepesi, pamoja na orodha ya alama za wale watoto 88. Mkiniita Dodoma nakuja nazo, likizo ya Juni nina nafasi.

Mwalimu wa hesabu, shule ya kata.