Naoga nikiimba ili mwanangu ajue bado nina fahamu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 37, ni mwalimu, nina mume na watoto wawili: binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6. Tatizo langu lina jina hospitalini, lakini daktari alinieleza kwa maneno mepesi, nami nitayatumia hayo hayo: moyo wangu husimama. Unasimama sekunde kadhaa, kisha unaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika sekunde hizo damu haifiki kwenye ubongo, nami naanguka.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka minne iliyopita, darasani, chaki mkononi. Sikuona kizunguzungu, sikutokwa jasho, macho hayakuingia giza. Nilikuwa katikati ya sentensi, mara nikajikuta naangalia dari na wanafunzi wamenizunguka wanalia. Kwa kuwa mikono ilitikisika nilipokuwa chini, niliambiwa ni kifafa. Nikameza dawa za kifafa karibu miaka miwili. Zilinilevya, zikanifanya mzito wa kufikiri, na bado nikawa naanguka.

Daktari wa moyo ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ukizinduka, inakuchukua muda gani kujua uko wapi? Papo hapo, nikamjibu. Akaniambia mwenye kifafa mara nyingi huamka akiwa amechanganyikiwa kwa muda, ilhali aliyezimia kwa sababu ya moyo hurudiwa na akili upesi. Na ule mtikisiko? Ubongo ukikosa damu nao unaweza kuutikisa mwili. Natamani kila mtu anayezimia ovyo aulizwe swali lile mapema.

Hata hivyo, kuukamata moyo katika kosa lake kulichukua muda. Kipimo cha umeme wa moyo kiitwacho ECG husoma sekunde chache tu, na changu kilitoka safi. Nikavaa mashine ya kurekodi mapigo saa 24, nayo ikatoka safi. Mwishowe nikapandikizwa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo kinachoweza kukaa miaka kikirekodi. Mwezi wa tano nilianguka nikianika nguo, na kifaa kikaonyesha sekunde 9 za mstari mtupu. Nilipoonyeshwa karatasi ile nililia kwa furaha, Shangazi. Hatimaye nilikuwa na kitu cha kuwaonyesha watu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie.

Mwaka jana nilianguka nyumbani, mume wangu akiwa kazini. Binti yangu ndiye aliyenikuta. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani nimekufa, akalala sakafuni kando yangu akanishika mkono. Nilizinduka nikamkuta hivyo, kimya, macho wazi. Baba yake aliporudi alimfundisha la kufanya: asininyanyue wala kunimwagia maji, anilaze chali, aniinue miguu, aangalie kama napumua, aite mtu mzima. Alifanya vyema kumfundisha, simlaumu. Ila tangu siku hiyo mtoto amejipa kazi.

Nikiingia bafuni anasimama mlangoni na kuniambia, "Mama, imba." Nikinyamaza kidogo anagonga. Usiku nimemfuma mara tatu ameketi koridoni mbele ya chumba chetu, amejifunika shuka, anasikiliza pumzi zangu. Ameacha kwenda kucheza kwa rafiki zake. Shuleni mwalimu wake anasema husinzia. Nikimwambia nenda kacheze, ananiuliza, "Ukianguka nani atakuwepo?" Sina jibu la kumpa.

Mume wangu anasema tumwache, anajifunza uwajibikaji, na mbona amekwisha kunisaidia mara mbili? Anazungumza kwa hofu, namfahamu. Naye hulala kiganja chake kikiwa kifuani pangu. Lakini mimi ninapomwangalia binti yangu namwona mtu mzima mdogo aliyechoka, na mimi ndiye niliyemchosha.

Wiki tatu zijazo nitawekewa pesimeka. Nimeelezwa itakaa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka shingoni kwenda begani, waya wake utapitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Kazi yake ni kungoja. Moyo ukichelewa, inaushtua kwa umeme mdogo sana hadi upige. Betri yake hudumu miaka kadhaa, kisha hubadilishwa. Daktari amesema kuanguka kunakotokana na moyo kusimama kunapaswa kukoma, na ninamwamini.

Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa habari njema ya kumpa mtoto. Kisha daktari akaongeza jambo moja: niwalete watoto wote wawili wapimwe ECG, kwa sababu baadhi ya matatizo ya mapigo ya moyo hupita katika ukoo. Alisema ni tahadhari tu, hawajaonyesha dalili yoyote. Mdogo nitamwambia ni kipimo, atakubali. Huyu mkubwa ni mtoto anayeunganisha mambo. Nikimpeleka kupimwa moyo wiki ile ile ninayopasuliwa, ataanza kujisikiliza na yeye. Nikimficha sababu, atajua nimemficha, maana amekuwa akinichunguza kwa mwaka mzima.

Kuna jambo jingine ninaloona aibu kuliandika. Nikiwa bafuni naimba, na kumsikia akihema upande wa pili wa mlango, huwa najisikia salama. Sijui kama nitaweza kumwambia aache na maneno yangu yakawa ya kweli.

Naomba unisaidie, Shangazi. Kipi kitangulie, nimweleze habari za kipimo chake kabla ya upasuaji wangu, au nisubiri nipone kwanza anione nimesimama? Na nitamwondoaje mlangoni bila kumfanya aone kwamba ulinzi wake wa mwaka mzima haukuwa na maana? Kama kuna wasomaji waliowahi kulindwa na watoto wao namna hii, au waliokuwa watoto wa aina hiyo, nitashukuru kusikia waliambiwa nini na kikawasaidia.

Mama Anayeimba