Barua kwa Mwanangu: Ukialikwa Kula Bourgogne

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Neema,

Bwana asifiwe. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako tumeisoma pamoja, naye ameniachia mimi kuijibu kwa kuwa swali lako ni la mezani.

Umeuliza kama inafaa wewe, Msabato usiyeonja kileo, kuukubali mwaliko wa mwalimu wako wa kwenda kula chakula cha mchana Jumapili katika mgahawa mdogo wa kijijini karibu na mji wa Beaune, katika mkoa wa Bourgogne huko Ufaransa, mahali ambapo mvinyo uko katika mazungumzo, katika picha za ukutani na hata ndani ya mchuzi. Umeandika kwamba ulikuwa unafikiria kusingizia mtihani. Usisingizie, mwanangu. Nenda, uketi pale ukiwa mgeni kamili, ule na ushibe. Mengi ya Ulaya sasa unanizidi kuyajua, lakini maisha yangu ya kazi nimeyapitisha jikoni, na huko huko Bourgogne mwajiri wangu aliwahi kunipeleka kujifunza upishi, kwa hiyo katika hili naomba unisikilize.

Mgahawa wa kijiji cha namna hiyo mara nyingi huwa na meza chache, mume akiwa jikoni na mke akihudumia, au kinyume chake. Chakula cha siku huandikwa kwa chaki kwenye ubao, nao ubao hubebwa kutoka meza moja hadi nyingine na kuegeshwa juu ya kiti ili wote msome. Mkate huwekwa juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani, wala hakuna anayeona ni uchafu. Jiko hufunguliwa saa sita mchana, na ikishapita saa nane wageni wapya hawapokelewi tena hadi jioni. Ndiyo maana mwalimu wako amekusisitizia muda, na wewe uuheshimu. Mkishaketi, haraka yote inakwisha. Chakula huja kwa zamu, kitu kimoja baada ya kingine, na kati ya sahani na sahani watu huzungumza. UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa wa mpangilio huo katika urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2010, nami nilipoketi mezani kwao niliona unastahili.

Sasa tuje kwenye ubao wenyewe. Glasi ya mvinyo utaiona na utaikataa kwa neno moja la adabu. Chakula ndicho kinachotaka ujuzi, kwa sababu wapishi wa Bourgogne hupikia mvinyo kama watu wa pwani wanavyopikia tui. Bœuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu kwa saa kadhaa ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu, uyoga na vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na coq au vin ni jogoo aliyepikwa kwa njia hiyo hiyo. Hivyo viwili vinajitangaza kwa majina. Kinachowapata wengi ni œufs en meurette, ambavyo kwa msomaji wa haraka ni mayai tu: mayai hupasuliwa na kuivishwa bila ganda, kisha humwagiwa sosi nzito ya mvinyo iliyochemshwa hadi ikapungua na kung'aa, na ndani yake mna vipande vile vile vya nguruwe. Sosi hiyo nimeipika kwa mikono yangu kwa ajili ya wageni wa hoteli, nikimwomba mwenzangu anionjee chumvi, kwa hiyo kilichomo nakijua. Jambon persillé ni paja la nguruwe, na konokono wa siagi na vitunguu saumu, ambao ni fahari yao kubwa, Mambo ya Walawi sura ya 11 imekwisha kutukataza vyote viwili. Angalia pia pôchouse, mchuzi wa samaki wa mtoni: jina la samaki lisikutulize, kwani hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mara nyingi humo huwamo mkunga wa maji baridi, ambaye sisi hatumli. Hata haradali iulizie. Ile inayouzwa kwa jina la Moutarde de Bourgogne, jina linalolindwa kisheria tangu 2009, ni lazima iwe na mvinyo mweupe wa huko.

Watakuambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kileo chote hupotelea motoni. Si kweli. Vipimo vilivyochapishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichochemka dakika 15 baada ya kutiwa pombe hubakiwa na karibu asilimia 40 ya kileo chake, kikichemka saa moja hubakiwa na asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu asilimia 5 ingali imo. Usiwasomee wenyeji takwimu hizo mezani; nimekuandikia ili moyo wako usiyumbe mtu akikubembeleza uonje kijiko kimoja.

Utakula nini basi? Vingi, tena vitamu. Mkianza kwa gougères, furahi: ni vikate vidogo vya unga, siagi, mayai na jibini, ambavyo hufura katika oveni hadi ndani pakabaki wazi, navyo hupendeza vikiwa bado vinaunguza vidole. Kisha uulizie samaki mwenye magamba. Mimi nilipenda sana trauti aliyekaangwa kwa siagi na lozi, ila muulize mhudumu jambo moja: wapishi wengi, wakishamtoa samaki, humwaga mvinyo mweupe kidogo katika kikaango cha moto ili kubandua ukoko wenye ladha na kuufanya sosi. Kazi hiyo maji ya limau na kijiko cha supu ya mboga huifanya vizuri tu, na mpishi hodari hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo nakuomba upige simu mgahawani siku mbili tatu kabla, tena upige wewe mwenyewe, usimwachie mwalimu. Sema kwamba hutumii kileo wala nguruwe, hata ndani ya sosi, kisha umuulize mpishi angependa kukupikia nini. Swali hilo la mwisho usilisahau, maana linamgeuza kutoka mtu anayekatazwa kuwa mtu anayekaribisha. Mpishi aliyearifiwa mapema hujipanga na hata hujivunia kukupendeza. Anayeambiwa saa saba mchana, meza zote zikiwa zimejaa, hukasirika, nami ningekuwa yeye ningekasirika.

Kinywaji kisikupe shida. Omba jagi la maji ya kawaida, ambayo kwa kanuni za Ufaransa hutolewa bure pamoja na mlo, au uulize kama wana juisi ya zabibu. Wakiinua glasi zao kutakiana afya, inua na wewe ya kwako, umtazame kila mmoja machoni, kwa kuwa huko ndiko kushiriki wanakokuthamini.

Na katika mazungumzo usijitenge. Wenyeji wengi wa vijiji hivyo ni wakulima au watoto wa wakulima, na mkulima humfahamu mkulima mwenzake hata asiponywa mazao yake. Mzee wetu wa Mpunguzi, Dodoma, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa sababu kule hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Bourgogne huvuna mara moja tu, kwa kawaida mwezi wa Septemba, na jalidi ya usiku mmoja wa Aprili inaweza kuteketeza jasho la mwaka mzima. Waulize kuhusu Aprili 2021, walipokesha wakiwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari ya mizabibu ili kuokoa machipukizi. Waulize pia kuhusu hospitali ya Beaune, iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin kwa ajili ya maskini, ambayo kwa karne nyingi ilipewa mashamba ya mizabibu kama sadaka. Mpaka leo mvinyo wa mashamba hayo hupigwa mnada Jumapili ya tatu ya Novemba, na fedha zake husaidia huduma za wagonjwa. Kama mwaliko wako umeangukia Jumapili hiyo, mkumbushe mwalimu athibitishe nafasi mapema, kwa sababu mji wote hufurika wageni.

Kabla ya kitu kitamu watapitisha jibini. Époisses, yenye harufu kali, ganda lake huoshwa kwa pombe itokanayo na makapi ya zabibu, kwa hiyo uipishe, uchukue Comté. Peasi zenye rangi nyekundu zimechemshwa katika mvinyo. Barafu ya matunda meusi ya cassis ni nzuri sana, mradi useme mapema wasiimwagie pombe tamu ya matunda hayo hayo. Wengine wakiagiza kahawa, wewe uombe maji moto ya majani ya verveine.

Gharama ya huduma imo ndani ya bei, na aliyealika ndiye hulipa, kwa hiyo usigombee bili. Mama yako ametuma korosho za Mtwara kwa mkono wa yule kijana wa kanisani anayerudi Lyon: mfuko mmoja umpe mwalimu, na mwingine mpelekee mpishi jikoni mkimaliza kula. Kisha uniandikie ulichopikiwa, na hasa yule samaki alitengenezewa sosi gani.

Wako akupendaye,

Baba