Shukrani kutoka Langoni, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah kwa kila hali. Kwa niaba ya mama, ndugu zangu na wajukuu, nawashukuru nyote mliotushika mkono tangu baba alipoanza kuugua figo hadi tulipomzika Ijumaa ile baada ya Alasiri.

Wengi mlimjua kwa kasida zake na nyimbo za harusi. Za miaka mitatu ya mwisho alizitungia kwenye kiti cha mashine ya kusafishia damu, mara mbili kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Mkono ulio huru ulikuwa ukihesabu mizani kwa kugonga paja: nane, akapumua, nane tena. Madaktari walipochagua mkono wa kushoto kwa ajili ya mshipa wa mashine, alishukuru waziwazi, maana wa kulia ndio unaokumbatia udi, ala yake ya nyuzi. Baadaye vidole vya kushoto vikafa ganzi. Udi akautundika, akabaki na kalamu. Maji nayo alipimiwa. Mtu aliyezoea kuimba usiku kucha na chai ya tangawizi pembeni, sasa anafyonza kipande cha barafu na kututania kwamba hata kiu ina vina vyake.

Tulimpangia chumba Malindi, kwa kuwa boti hadi Mokowe kisha basi kupitia Witu na Garsen, kila wiki, vingemmalizia njiani. Huko ndiko tulikopata siku ambazo mama mpaka leo hapendi zitajwe. Mashine iliharibika. Siku ya nne miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi, kulala chali hawezi. Alikesha ameketi, ameegemea mgongo wa mama. Saa tisa za usiku jirani ambaye hatujajuana naye hata mwezi akabisha hodi: "Mzee aingie garini, mafuta nimeshatia." Akamfikisha Mombasa, na shilingi yetu akaikataa. Ndugu yetu, umetukataza kutaja jina lako na tumekutii. Mola analijua.

Nesi wa zamu ya asubuhi, wewe ulikuwa ukimwandikia beti akishindwa kushika kalamu. Siku moja uliandika "macho", naye, yake yakiwa yamefumba, akakwambia, "Andika mato, mwanangu, sisi ni Waamu." Daftari lile tunalo, na "mato" umeipigia mstari mara mbili. Nawe nahodha uliyepunguza mwendo tulipovuka na jeneza kutoka Mokowe ili kasida isikike, Allah akulipe.

Tunawashukuru masharifu na maimamu, walimu na wanafunzi wa madrasa, wapiga tari na wapiga udi wenzake, kina mama wa Langoni na Mkomani waliopika siku zote za matanga, ndugu wa Shela, Matondoni, Kipungani, Pate, Siyu na Faza, waliotoka Malindi na Mombasa, walio Oman na Dubai waliotuma michango bila kungoja kuombwa mara ya pili, waliotoa damu, waliochimba kaburi, vijana wa punda waliobeba maji na kuni.

Hatuwezi kuwamaliza. Tulikuwa tumechanganyikiwa, na karatasi ya majina ililowa kwenye boti. Mengine hayasomeki tena. Uliyetusaidia na hukujiona hapa, tunakuomba radhi sana. Na uliyefika msibani tukakupita bila salamu, tusamehe, hatukukuona.

Hitima ya arubaini itasomwa nyumbani baada ya Isha, inshallah. Anayemdai baba aje kwa kaka mkubwa, tutalipa. Na yule bwana wa Shela aliyeagiza beti za harusi ya bintiye: zimekamilika, zimo kwenye daftari. Njoo uzichukue, alishasema hutozwi kitu.