Barua kwa mwanangu anayetaka kubeba bastola

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka Houston. Sisi huku tu wazima, wasiwasi ni juu yako wewe uliye Austin. Ama baada ya salamu, nimesoma ujumbe wako kwamba, kwa kuwa umetimiza miaka 21, unakusudia kununua bastola na kuibeba kiunoni chini ya shati kila unapotoka. Umeniuliza maoni yangu. Maoni yangu ni kwamba usifanye hivyo. Lakini umeshakuwa mtu mzima, na mtu mzima hakatazwi bila kupewa sababu, kwa hiyo nakuomba usome barua hii yote kabla ya kunijibu.

Sheria iko upande wako, na sitabishana nawe hapo. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola hadharani katika jimbo la Texas bila leseni. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo iliamua, katika kesi iliyotoka New York, kwamba kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba, na sheria ya jimbo hilo iliyomtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee ikaanguka baada ya kudumu tangu 1913. Chuoni kwako, Chuo Kikuu cha Texas, masharti bado yapo: bastola iliyofichwa iliruhusiwa katika vyuo vikuu vya umma kuanzia tarehe 1 Agosti 2016, lakini kwa mwenye leseni peke yake. Siku hiyo ilitimiza miaka 50 kamili tangu Charles Whitman alipopanda mnara wa chuo hicho hicho na kuwamiminia watu risasi, na mimi hadi leo naona ni ajabu kwamba sheria ya namna hiyo ilianza kutumika siku hiyo.

Wanaotetea ubebaji wa silaha si wajinga, na hoja yao yenye nguvu zaidi ilizaliwa hapa hapa Texas. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mji wa Killeen, mtu mmoja aliligongesha gari lake kwenye dirisha la mgahawa wa Luby's, akashuka na kuua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa akila pale na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha garini kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimkataza kuingia nayo, na wazazi wote wawili wakauawa. Ushuhuda wake ulichangia sana kupatikana kwa sheria ya mwaka 1995 iliyoruhusu watu wenye leseni kubeba bastola iliyofichwa, naye mwenyewe baadaye akachaguliwa kuingia katika bunge la jimbo. Sijapata kumsikia mpinzani yeyote wa sheria ile akimjibu mama yule sawasawa. Vilevile, Desemba 2019, katika kanisa moja la mji wa White Settlement, muumini aitwaye Jack Wilson alimwangusha kwa risasi moja mtu aliyekuwa ameshaua waumini wawili, na mambo yote hayo yalikwisha katika muda wa sekunde sita. Zingatia tu kwamba Wilson alikuwa mkufunzi wa shabaha kwa miaka mingi, na kwamba waumini waliokuwa naye walimjua.

Hapo kwenye kujulikana ndipo shaka yangu inapoanzia. Bastola iliyofichwa humtumikia mwenyewe kwa muda wote ambao haijaonekana wala kutajwa. Ikishaonekana, wengine ndio wanaoamua wewe ni nani, nao huamua kwa kukutazama tu. Johnny Hurley alimpiga risasi mtu aliyekuwa ameua askari polisi huko Arvada, Colorado, tarehe 21 Juni 2021, kisha akaichukua bunduki ya muuaji. Askari aliyefika alimwona mtu mwenye bunduki, akampiga risasi na kumuua. Hurley alikuwa mzungu. Philando Castile alikuwa mweusi kama wewe. Tarehe 6 Julai 2016, karibu na St. Paul, Minnesota, polisi walilisimamisha gari lake, naye akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Kibali alikuwa nacho. Askari alifyatua risasi saba, na mtoto wa miaka minne alikuwa kiti cha nyuma. Castile alifariki, na mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwona askari yule hana hatia.

Mwanangu, nimeishi nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba haki iliyoandikwa kwa watu wote haitekelezwi barabarani kwa watu wote namna moja. Hoja ya mama yule wa Killeen ninaikubali, na bado siwezi kukushauri uifuate ukiwa na mwili huu uliozaliwa nao.

Yako pia mambo madogo ya kila siku. Baa zinazopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonyweka hapo hapo huweka bango lenye namba hiyo kwa rangi nyekundu, na kuingia humo na bastola ni kosa la jinai hata kwa mwenye leseni. Rafiki zako wakienda Sixth Street, mtaa wa baa hapo Austin, utaiacha garini, na magari huvunjwa. Mwenzako mnayeishi naye chumba kimoja yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, na sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha au risasi isipokuwa kwa vighairi vichache, kama vile leseni ya uwindaji. Bastola ikikutwa chumbani, huenda akajikuta analazimika kueleza kwamba si yake wala haifikii. Na mkumbuke kijana huyo wakati wa mitihani. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe.

Ikiwa baada ya haya yote bado unataka kuendelea, naomba jambo moja: usinunue kitu kwanza. Njoo Houston tulisome pamoja darasa la leseni, ingawa kwa matembezi yako ya mjini sheria haikulazimishi. Ni la muda wa saa nne hadi sita tu, pamoja na mtihani wa kulenga shabaha kwa risasi 50. Ada nitalipa mimi, yako na yangu. Nitataka kumwuliza mkufunzi, ukiwa umekaa kando yangu, anawafundisha nini vijana weusi juu ya kusimamishwa na polisi usiku, na wewe usikilize jibu lake mwenyewe.

Ni mimi baba yako