Ameniambia nacheza na wanasesere

Shangazi, huenda kwa umri mimi ndiye mkubwa, maana nimetimiza miaka 58, lakini leo mwenye shida ni mimi, kwa hiyo nakuamkia: shikamoo. Ninakuandikia saa tisa na nusu ya usiku, adhana ya alfajiri bado, kwa sababu tangu Idi Mosi sijapata usingizi wa maana kwa ajili ya neno moja alilolisema mke wangu mbele ya mama yake na kaka yake. Alisema, "Huyu mzee wenu siku hizi anacheza na wanasesere." Wakacheka wote. Hata mwanangu wa mwisho, aliyekuwa akipitisha kahawa, alicheka, nami nikacheka nao ili mambo yaishe.

Hayakuisha.

Lau angesema ninapoteza fedha, ningemfungulia daftari, kwa maana nimekuwa mhasibu kwa miaka 27 na kila shilingi iliyoingia katika chumba ninamojengea sanamu zangu za vita imeandikwa. Lau angesema ninapoteza muda, ningemwuliza shemeji ni saa ngapi kwa wiki anazokaa mbele ya mpira wa Uingereza. Lakini mtu mzima akiambiwa anacheza na wanasesere, ajibu nini? Akinyamaza amekubali, na akikasirika ndiyo amekuwa mtoto kabisa.

Wewe unazijua kazi za namna hii na watu wake, kwa hiyo sitaeleza sana. Kwa sanamu ndogo za askari ninavijenga vita vya Tanga vya Novemba 1914, baina ya Waingereza na Wajerumani, vile ambavyo nyuki waliwavamia askari, juu ya meza ya futi 6 kwa 4, kuanzia ufuko wa Raskazone walikoshuka Wahindi na Waingereza, kupitia minazi na mashamba, hadi lile bonde lililochongwa kupitisha reli, na nyuma yake mji wenyewe. Sanamu moja inasimama badala ya watu 20. Watu wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wananidai sanamu 50, na wale wapatao 8,000 walioletwa na meli kutoka India wananidai 400. Hizo 50 nimezimaliza. Katika hizo 400 nimefika 138. Kila moja ina milimita 28 kutoka unyayo hadi usawa wa macho, na ina vifungo vya koti, na kila kifungo kimeguswa na brashi yangu.

Nilijifunza haya Leicester, Uingereza, katika miaka sita niliyoishi kule, kwa jirani mstaafu aliyekuwa na vita vizima vya Waterloo, vile alivyoshindwa Napoleon, ndani ya gereji yake, na hakuna mtu wa mtaa ule aliyemcheka. Shemeji nilimwambia siku ileile kwamba mwaka 1824 mkuu wa majeshi wa Prussia, ufalme wa Wajerumani wa wakati ule, alionyeshwa mchezo wa vita wa mezani, na tangu hapo ukatumika kufundishia maofisa. Akanijibu kwamba hao hawakuwa na wake wa kuwasaidia kubeba maji. Wakacheka tena.

Naomba unielewe, Shangazi: mimi si mtu wa kupitisha wakati. Mwaka wa kwanza niliharibu zaidi ya nilichojenga. Nilichonga ukuta wa mji kwa yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na friji mpya, nikaupulizia rangi ya kopo, na ukuta ukayeyuka mbele ya macho yangu kama sukari, kwa sababu dawa iliyomo katika rangi ile huila povu hiyo. Sasa ninaupaka kwanza gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na rangi ya maji ya nyumba, unakauka usiku kucha, ndipo mengine yanafuata. Mchanga wa Raskazone nilioutandaza bila kuuosha ulitoa chumvi baada ya wiki tatu, uwanda wote ukawa na ukungu mweupe. Hata hewa ya hapa kwetu ina ubishi wake: ukipulizia rangi ya msingi siku yenye unyevu, sanamu inatoka na chembechembe kama imepakwa semolina, kwa hiyo ninangoja siku za kaskazi kavu na kupuliza saa nne asubuhi, uani, ambako mke wangu ndiko anakoanika nguo. Hilo nalo limewahi kuleta maneno.

Lakini yapo mambo ambayo hata yule jirani wa Leicester asingeyaweza. Majani marefu ninayatengeneza kwa katani, ninaikata vipande vya nusu sentimita na kuipaka rangi kwa chai ya rangi na kijani kidogo, na mji huu ulikuwa unaishi kwa katani. Mapaa ya makuti ninayatengeneza kwa makumbi ya nazi yaliyochanuliwa kwa mswaki mkuukuu. Makumbi hayo, sikatai, ndiye mke wangu aliyekuwa akiniwekea kila akikuna nazi, katika kitunga kidogo nyuma ya mlango wa jikoni. Tangu Idi kitunga kile hakipo.

Nyuso ndizo zilizonitesa zaidi. Vile vichupa vya rangi vinavyoandikwa kuwa ni rangi ya ngozi vina rangi ya waridi, na nilipowapaka askari hudhurungi tupu, kisha nikawamwagia wino mweusi ili makunyanzi yaonekane, walitoka na nyuso za majivu, kama watu waliofufuliwa. Ilinichukua miezi minne kujua kwamba wino uwe wa hudhurungi iliyokolea, na kwamba shavu na pua huinuliwa kwa hudhurungi yenye wekundu kidogo, tabaka jembamba juu ya jembamba, kwa brashi namba 1 yenye ncha nzuri, maana hizi ndogo kabisa rangi hukauka kabla hujafika usoni. Siku uso wa kwanza ulipokubali nilimwita mke wangu aje auone. Alikuja, akauangalia kwa ile lenzi yangu, akasema, "Huyu anafanana na baba yako." Hilo alilisema yeye, kwa kinywa chake hichohicho kilichokuja kusema wanasesere.

Sanamu hiyo ndiyo niliyoifanya kuwa babu. Kwa simulizi ya nyumbani, babu yetu alikuwa askari wa Mjerumani, nasi hatuna picha yake hata moja. Nilimvika tarabushi yenye kitambaa cha kaki, nikampa bunduki ile ya zamani iliyokuwa ikitoa moshi mwingi, nikamweka ukingoni mwa reli, karibu na mti wenye mzinga wa nyuki. Nyuki wenyewe ni nukta za rangi juu ya nyuzi za waya mwembamba kuliko unywele. Katika kanuni zangu, kikosi kikifyatua risasi karibu na mti huo hutupwa dadu, na ikitoka sita kikosi kinarudi nyuma, awe Mhindi au Mjerumani, kwa kuwa nyuki wale hawakutumwa na mtu ingawa wapo waliodai ilikuwa hila. Je, huyo ni mwanasesere?

Sasa nikueleze siku yenyewe, ingawa najua utasema nina makosa. Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa cha wageni. Mama mkwe wangu alikuja Idi na akalala sebuleni, juu ya godoro, kwa sababu meza haiwezi kupita mlangoni bila kukatwa vipande viwili, na gundi ya minazi ilikuwa mbichi. Nilieleza hayo mapema. Nilinunua godoro jipya, na risiti ninayo. Mama mwenyewe hakulalamika, alisema tu kwamba uzee umempunguzia usingizi. Mke wangu hakusema lolote usiku ule, na mimi nikachukua kimya chake kuwa ni ridhaa, mpaka mchana wa Idi Mosi, juu ya sinia la pilau, alipolitoa lile neno.

Nilinyanyuka nikaenda chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa nguvu zaidi ya inavyopasa. Alasiri nilipowasha taa nilimkuta babu sakafuni, mkono wa bunduki umekatika begani, rangi imebanduka hadi kwenye madini. Mtoto wa shemeji, mwenye miaka saba, alikuwa ameonekana humo asubuhi akichungulia meza. Nilitoka nikapaza sauti, nikasema mbele ya wote kwamba ndiyo faida ya kuwaambia watoto kuwa ni wanasesere. Shemeji alimchapa mwanawe palepale. Mkwe wangu aliondoka kesho yake, siku mbili kabla ya alivyopanga, na tangu hapo mke wangu ananiwekea chakula, anafunika, anakwenda zake.

Bado naona lililoniuma zaidi ni lile neno. Mtoto ni mtoto, naye analia akasahau. Isipokuwa kuna jambo moja ambalo usiku linanirudia, na ninaliandika kwa kuwa hapa hapana jina langu. Nilipoubamiza mlango nilisikia kitu, mlio mdogo, kama punje ya mchele kavu ikidondoka kwenye saruji. Niliusikia wakati ule na nikaupuuza kwa hasira. Rafu niliyomweka babu ili akauke vanishi imepigiliwa ukuta uleule wa mlango. Siwezi kuapa. Lakini asubuhi, baada ya mtoto kutoka, niliingia kuchukua kanzu yangu, na nadhani babu alikuwa amesimama. Nimejaribu kukumbuka kwamba hakuwa amesimama, na sijaweza.

Mwalimu mmoja wa historia ameniomba niipeleke meza shuleni kwao Novemba ili wanafunzi waone vita vilipopiganwa, na mara nyingine nafikiri nimpe yote moja kwa moja, sanamu, minazi na dadu zake, chumba kirudi kuwa cha wageni na mimi nijifunze kutazama mpira. Nimeshaazimia, karibu. Ila kabla ya hapo nataka mke wangu aingie chumbani mara moja tu, akae kwenye kile kiti changu, ashike lenzi, kisha aniambie kwamba hawa si wanasesere. Nifanyeje ili aje? Nikimwita atadhani namwita tugombane. Na je, inanilazimu kumpigia shemeji simu juu ya mwanawe, ilhali sina hakika, au nikisubiri Idi nyingine nikampa mtoto yule zawadi nzuri itatosha? Nikimpigia, mke wangu atajua, na nikishakiri hilo nitakuwa na uso gani tena wa kumdai aombe radhi kwa lile neno? Maana radhi hiyo naidai, Shangazi, hata kama nimekosea mengine.

Jana nilitoboa bega na mkono wa babu kwa sindano, nikapitisha kipande cha waya, nikaviunga. Vimeshika vizuri, umebaki ufa mwembamba tu ambao bado sijaupaka rangi. Ninakuomba ujibu upesi, kwa sababu mkono wangu unawashwa kuumaliza, na nikishaupaka hapatakuwa na mtu atakayejua kwamba uliwahi kuvunjika.

Mimi mwenye chumba cha nyuma,
Tanga