Mwanafunzi aulizwe kwa Kiswahili, na daftari lake lifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wanaoandaa maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari hapa Kigoma, pamoja na wote wanaoombwa kujitolea kuwa majaji kama nilivyoombwa mimi mwezi uliopita. Mimi ni fundi sanifu maabara mstaafu. Miaka 31 nimeinamia hadubini nikitafuta vijidudu vya malaria.

Karibu na mlango wa ukumbi palikuwa na taa za barabarani zinazojiwasha zenyewe giza likiingia, nyaya zimefungwa vizuri, bango limechapishwa kwa rangi. Nilimwuliza kijana wa meza ile: ukikichomoa hiki kidude cha juu kinachopokea mwanga, itakuwaje? Akamtazama mwalimu wake. Meza ile ndiyo iliyopata ushindi.

Meza ya mwisho dirishani alikuwa binti wa kidato cha pili kutoka shule ya kata. Bango lake alikuwa ameliandika kwa mkono nyuma ya kalenda kuukuu. Alichunguza dagaa: wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa kwenye kichanja, wepi hukauka upesi? Majaji wawili waliotangulia walimtaka aeleze kwa Kiingereza. Alisema sentensi mbili alizokariri, ya tatu ikamkwama, akainama. Wakajaza fomu, wakahamia meza nyingine.

Nikavuta kiti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu nieleze kwa Kiswahili, ulifanyaje?"

Mhariri, mtoto yule alifunguka! Alipima kilo mbili mbili za dagaa wabichi, wa asubuhi moja na mtumbwi mmoja, ili mtu asije akamwambia hawa walikuwa wakubwa kuliko wale. Kila baada ya saa mbili aliwapima kwa mizani ya kuazima dukani. Wa kichanja walitangulia kupungua uzito, kwa sababu, aliniambia, upepo unawapita juu na chini, wakati mchanga unashika unyevu. Nikamwuliza mbona jaribio la pili lilichelewa wiki nzima. "Mbalamwezi, mama. Wavuvi hawakwenda ziwani." Kila mtu wa Kibirizi anajua kwamba mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazikusanyi dagaa. Yeye alikuwa ameliandika jambo hilo, na tarehe yake.

Daftari lake ndilo lililonishika. Ukurasa wa jaribio la tatu wino ulikuwa umetapakaa kwa maji, na katikati ameandika: "Saa 8 mchana, mvua. Dagaa wamelowa. Sijapima." Basi. Hakubuni namba ya kujazia mstari. Sisi wa maabara tunafundishwa kuangalia nyuga 100 za hadubini, yaani sehemu 100 za damu zinazoonekana mojamoja kwenye lenzi, kabla ya kuandika kwamba damu haina vijidudu vya malaria, na nimewahi kufanya kazi na watu wazima, wenye vyeti, walioangalia chache tu wakaandika jibu, na mgonjwa akarudi siku ya tatu amebebwa. Kwenye fomu za wenzangu binti huyu alikatwa alama kwa sababu "matokeo hayajakamilika", na alama nyingine zikaenda na Kiingereza.

Najua sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa Biolojia utamjia kwa Kiingereza. Bango na aliandike kwa lugha hiyo, sina ugomvi. Ila jaji anapokaa mbele ya mtoto anatafuta mambo mawili: je, kazi hii ameifanya kwa mikono yake, na je, anaelewa kilichotokea? Hayo huwezi kuyapata kwenye sentensi za kukariri. Binti yule angependa kunieleza kwa Kiha, ningemsikiliza pia.

Gombe iko jirani tu na sisi, kaskazini mwa mji. Jane Goodall, Mwingereza aliyechunguza sokwe, alifika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26, hana shahada ya chuo kikuu, ana darubini, daftari na subira. Mwaka huohuo aliandika alivyomwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu ili avue mchwa, na wataalamu wakubwa waliodhani kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake wakalazimika kufikiri upya.

Naomba fomu ya mwakani iwe na alama za daftari, nyingi kuliko za bango, na mwanafunzi achague lugha ya kujibia. Na wenzangu wa hospitali, wa mamlaka ya maji, wa utafiti wa uvuvi pale TAFIRI, mkipigiwa simu mje. Tulikuwa majaji wachache mno, na dakika tano kwa meza hazitoshi hata kufungua daftari.

Binti alipokuwa akikunja kalenda yake aliniuliza kama mizani ya dukani ilimharibia kazi, maana haionyeshi gramu ndogo. Nikamwambia haikumharibia. Nyumbani ninayo mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Jumatatu mwalimu wake alipita kuichukua. Wanasubiri mwezi ufifie waanze tena.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Mwanga, Kigoma